Deni la Rafiki: Maadili ya Kumkumbuka Aliyefia Mlimani

Utangulizi

Mnamo Mei 2024 Cheruiyot Kirui, Mkenya aliyekuwa mfanyakazi wa benki na mpanda milima wa ridhaa, alifariki karibu na kilele cha mlima Everest alipokuwa akijaribu kuukwea bila ya kutumia oksijeni ya mitungi. Aliyekuwa akimwongoza, Nawang Sherpa wa Nepal, alitoweka mlimani katika safari hiyo hiyo. Wakenya wengi walimwomboleza Kirui, na baadhi yao hawakuwa wamelisikia jina lake kabla ya siku hiyo. Lakini miongoni mwa waombolezaji hao walikuwako wachache ambao kwao marehemu hakuwa habari ya gazeti, bali mwenzi wa safari. Hao walikuwa wamezoea kupanda milima pamoja naye, na walimjua kabla hajawa shujaa wa mtu yeyote.

Makala haya hayakusudii kuusimulia upya mkasa huo, wala kumhukumu aliyekufa. Yanakusudia kulichunguza swali moja ambalo mkasa huo unaliibua na ambalo fasihi ya maombolezo imekuwa ikilizunguka kwa muda mrefu bila ya kulikabili moja kwa moja: je, rafiki ana wajibu gani wa kimaadili anapomkumbuka mwenzake aliyekufa kwa kuuhatarisha uhai wake kwa hiari? Vifo vingi humkuta binadamu bila ya kumwomba ruhusa. Kifo cha mpanda milima, mpiga mbizi wa kina kirefu au mrukaji wa majabali ni tofauti kwa kuwa marehemu aliujua uwezekano wake, akaupima, kisha akaenda. Kwa hiyo majonzi ya rafiki huchanganyika na swali ambalo mgonjwa aliyefia kitandani haulizwi: kwa nini ulikwenda?

Majibu matatu hutolewa kwa kawaida, nayo ni sifa, lawama na kudura. Itabainika hapa kwamba yote matatu, japo yana chembe ya ukweli, humwezesha anayekumbuka kuikwepa kazi yake.

Sifa na udhaifu wake

Jibu la kwanza ni lile la taabini. Marehemu husifiwa kwa ujasiri, na hatimaye hutolewa kauli ambayo sasa imekuwa kama sala ya mazishi ya watu wa aina hii: alikufa akikifanya alichokipenda. Kauli hii ina heshima ndani yake. Inakataa kumgeuza marehemu kuwa mtoto asiyejua alichokuwa akikitenda, na inakiri kuwa maisha yake yalikuwa na mwelekeo alioufuata kwa akili yake.

Hata hivyo, ikichunguzwa kwa makini, kauli hiyo inachanganya mambo mawili. Alichokipenda mpanda milima ni kupanda, na kupanda kunajumuisha kushuka. Hakuna mkwezi anayeuhesabu mlima kuwa umepandwa kabla hajarejea kambini akiwa hai. Kifo kilimzuia kukikamilisha alichokipenda. Kusema kwamba alikufa akikifanya ni kumpa faraja msikilizaji kwa kulificha lile ambalo marehemu mwenyewe, lau angeulizwa, angelitaja kwanza: baridi, uchovu, na hamu ya kurudi nyumbani. Sifa ya namna hii humsahilishia msemaji kulala usiku, lakini haimtendei haki anayesemwa.

Aidha, sifa ina athari kwa walio hai. Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii kwa kawaida hufasiriwa kama onyo kwa mgema. Yafaa isomwe pia kama onyo kwa wasifiaji, kwani tembo lililotiwa maji ni kazi ya mikono miwili, ule wa mgema na ule wa aliyemsifu pasi na kipimo. Kijana anayesikiliza taabini ya mpanda milima hajifunzi tu kwamba marehemu alikuwa mwema. Hujifunza pia kwamba kuna aina ya kifo kinachomfanya mtu wa kawaida akumbukwe na taifa. Anayekumbuka hawezi kudai kuwa hahusiki na somo hilo.

Lawama na kipimo cha matokeo

Jibu la pili ni kinyume cha la kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wanaolaumu, na baada ya hapo huona kuwa hakuna la kuongeza. Inafaa izingatiwe kwamba methali hii ina wakati wake. Inaposemwa kabla ya safari, ni nasaha. Inamhitaji mkuu aliye tayari kusema na kijana aliye tayari kusikia. Inaposemwa juu ya kaburi haimfunzi aliyelala humo. Hugeuka kuwa kelele ya ushindi ya mtu ambaye hakushindana.

Kasoro kubwa zaidi ya lawama ni kwamba huyapima maamuzi kwa matokeo yake. Tarehe 8 Mei 1978 Reinhold Messner na Peter Habeler walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Everest bila ya oksijeni ya mitungi. Kabla ya hapo walikuwako wataalamu walioonya kuwa jaribio hilo lingeweza kuwaua au kuwaharibu ubongo. Wawili hao walirudi, na dunia ikawaita mabingwa. Lau wangebaki kule juu, maneno yale yale ya wataalamu yangenukuliwa kuwa ushahidi wa ukaidi wao. Je, hukumu ya kimaadili inaweza kutegemea upepo wa alasiri moja? Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Methali hii inakiri jambo ambalo mlaumu hataki kulikiri, yaani kwamba nyani aliyeanguka ndiye yule yule aliyeruka jana na kushangiliwa, na kwamba ustadi wake haukupungua usiku ule.

Ni kweli kwamba Aristotle, katika maandishi yake juu ya maadili, aliuweka ujasiri katikati ya woga na upujufu, na akasisitiza kuwa jasiri wa kweli huikabili hatari kwa ajili ya jambo lililo jema. Wapo wanaoutumia mgawanyo huu kudai kuwa anayepanda mlima usio na mkimbizi wa kuokolewa wala nchi ya kutetewa si jasiri bali mpujufu. Hoja hii ina uzito, ila inadhania kuwa wema wa jambo hupimwa kwa manufaa yake ya dhahiri tu. Kwa kipimo hicho hata utungaji wa mashairi ungekuwa upujufu wa wakati. Binadamu hutenda mambo mengi ambayo thamani yake imo katika kuyatenda vizuri. Swali lililo gumu zaidi ni kama anaweza kuyatenda bila ya kuwatoza watu wengine gharama. Hapo ndipo lawama ingekuwa na la kusema, lakini mlaumu huwa amekwisha kuondoka.

Kudura, hiari na hewa nyembamba

Jibu la tatu huyaacha mambo yote mikononi mwa kudura: siku yake ilikuwa imefika. Katika jamii za pwani na za bara kauli hii huwatuliza wafiwa, na haipasi kubezwa. Lakini inapotumiwa kufunga mjadala, humnyang'anya marehemu kitu alichokithamini kuliko vyote, nacho ni hiari yake.

Suala la hiari, hata hivyo, lina utata ambao wanaosifu na wanaolaumu huupuuza kwa pamoja. Kilele cha Everest kina urefu wa takriban mita 8,849, na huko shinikizo la hewa ni kama thuluthi moja tu ya lile la ufuoni mwa bahari. Juu ya mita 8,000 mwili hauwezi kuzoea; hudhoofika kila saa inayopita. Ubongo uliokosa oksijeni hupoteza kwanza uwezo wa kupima mambo, na mara nyingi mwenyewe hatambui kuwa ameupoteza. Taarifa zilizochapishwa baada ya mkasa wa 2024 zilieleza kwamba kiongozi aliripoti kwa redio kuwa Kirui alikuwa akionyesha dalili zisizo za kawaida, na kwamba alikataa kugeuka na kukataa oksijeni ya mitungi.

Ni nani basi aliyekataa? Mtu aliyeamua akiwa nyumbani, baada ya mazoezi na tafakuri, kupanda bila ya mitungi alikuwa na akili zake timamu. Mtu aliyekataa kugeuka huenda hakuwa nazo. Rafiki anayekumbuka hana budi kuwatenganisha wawili hawa. Akimlaumu wa pili, anamlaumu mgonjwa. Akimsifu wa pili kwa kutokata tamaa, anauita ugonjwa kuwa fadhila. Wa kwanza tu ndiye anayeweza kuulizwa swali la haki, nalo ni hili: je, ulipoamua, uliyahesabu pia maamuzi ambayo hungekuwa na uwezo wa kuyafanya, na ulimhesabu yule atakayelazimika kuyafanya kwa niaba yako?

Yule mwingine

Swali hilo linamleta Nawang Sherpa katikati ya makala haya, mahali ambapo katika maombolezo mengi hakupewa. Yeye alikuwa kazini. Katika saa zile ambamo mteja wake hakuweza tena kuamua, mtu huyu alibaki, na hakurudi. Iwapo kuna ujasiri ambao hata Aristotle asingeweza kuutilia shaka, ni huu. Ila magazeti yaliutaja mara nyingi katika aya ya mwisho.

Usahaulifu huu una historia. Tarehe 7 Juni 1922, maporomoko ya theluji yaliwaua wapagazi saba waliokuwa wakipanda Everest pamoja na George Mallory na wenzake. Barua zake za baadaye zinaonyesha kuwa Mallory alijilaumu kwa vifo hivyo. Miaka miwili baadaye alirejea, na mnamo Juni 1924 yeye na Andrew Irvine wakapotea karibu na kilele. Tangu hapo vimeandikwa vitabu vingi kumhusu. Mwili wake ulipopatikana tarehe 1 Mei 1999, habari zilienea duniani kote. Wale saba wa 1922 hawakuwahi kutafutwa kwa bidii ya namna hiyo. Hata nyumbani hali haikuwa tofauti. Halford Mackinder alipokifikia kilele cha Batian mwaka 1899 pamoja na viongozi wawili kutoka milima ya Alps, nyuma yake kulikuwa na msafara wa wapagazi, wakiwemo Waswahili, na kadhaa kati yao walipoteza maisha katika safari ile. Majina ya wakweaji watatu yanajulikana. Wachukuzi waliofia njiani hawakutungiwa mbolezi iliyotufikia.

Yamkini itadaiwa kuwa rafiki hawezi kulaumiwa kwa kumlilia wake. Urafiki ni upendeleo. Anayempenda kila mtu sawasawa hana rafiki. Dai hili ni la kweli, lakini haliyamalizi mambo. Aristotle huyo huyo alimwita rafiki nafsi ya pili. Ikiwa kauli hiyo ina maana yoyote zaidi ya pambo, basi yaliyo ya rafiki ni yangu, na si furaha zake pekee. Madeni yake pia ni yangu.

Deni la maiti

Dhana ya deni ndiyo inayoweza kulitoa suala hili katika utata wa sifa na lawama. Katika desturi ya Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, kabla ya maiti kuzikwa hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa jamaa. Tangazo hili halimdhalilishi marehemu. Hakuna anayeondoka mazishini akisema kuwa familia imemfedhehesha mtu wao kwa kukiri kuwa alikuwa na madeni. Kinyume chake, kukiri huko ndiko heshima ya mwisho, kwani humwezesha aende akiwa mwepesi. Fedheha ingekuwa kuyaficha.

Kumkumbuka rafiki aliyefia katika hatari aliyoichagua ni kitendo cha aina hii. Rafiki anasimama mbele ya watu na kuuliza: nani anamdai? Mzazi aliyezika matumaini anamdai. Mwenzi na watoto, kama wapo, wanamdai. Familia ya kiongozi aliyebaki naye inamdai deni lisiloweza kulipwa kikamilifu. Kijana anayetaka kufuata nyayo zake anamdai ukweli. Mwenye kukumbuka huyapokea madai haya kwa sababu alimpenda, na upendo wake haupimwi kwa uzuri wa maneno yake ila kwa madeni aliyokubali kuyabeba.

Mfano mmoja wa karne iliyopita unalifafanua jambo hili. Tarehe 5 Oktoba 1999 maporomoko ya theluji katika mlima Shishapangma yaliwaua Wamarekani Alex Lowe na David Bridges. Mwenzao Conrad Anker, ambaye miezi mitano awali ndiye aliyeupata mwili wa Mallory, alinusurika. Baadaye Anker alimwoa mjane wa Lowe, rafiki yake mkubwa, na kuwalea wanawe watatu. Miili ilionekana mwaka 2016 ilipojitokeza katika barafu, na mnamo 2021 mwana mkubwa, Max Lowe, alitoa filamu iliyoyachunguza majeraha ya familia hiyo waziwazi. Mfano huu hauletwi hapa kuwa kielelezo cha ukamilifu. Anker aliendelea kupanda milima hatari, na jina la Bridges bado hutajwa kwa nadra. Lakini unaonyesha kwamba kumbukumbu inaweza kuwa kazi ya miaka, ifanywayo jikoni na shuleni kwa watoto, na kwamba mtoto wa shujaa naye ana haki ya kuuliza aliachiwa nini.

Liyongo kisimani

Fasihi ya Kiswahili ina taswira inayoyakusanya haya yote. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyo, baada ya kudungwa na mwanawe, hufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, upinde wake ukiwa umevutwa. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na kumdhania kuwa hai. Wanaogopa kusogea, na kwa siku kadhaa hakuna anayeteka maji. Mama yake ndiye anayetumwa kumbembeleza. Hatimaye mwili unaanguka, na ndipo inapojulikana kuwa alikuwa amekufa.

Tukio hili kwa kawaida huhakikiwa kama kilele cha utukufu wa Liyongo, kwamba hata akiwa maiti aliweza kuutisha mji. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Kisima kimefungwa. Watoto wana kiu. Maiti inayosifiwa kwa mbali na kuogopwa kwa mbali imewazuia walio hai kupata maji. Sifa na lawama, kwa mujibu wa usomaji huu, ni njia mbili za kusimama mbali na kisima. Anayemwona marehemu kuwa jitu la ajabu na anayemwona kuwa tishio wanafanana kwa kuwa hakuna kati yao anayethubutu kumkaribia kama mtu. Mama anamkaribia kwa sababu kwake Liyongo hakuwa hekaya. Utendi unamkabidhi kazi hiyo aliyempenda, wala haumkabidhi sultani aliyemchukia au mji uliomwogopa.

Rafiki ana kazi hiyo hiyo. Ni yeye anayeweza kumkaribia marehemu, kutambua kuwa amekufa kweli, na kuwaacha watu wateke maji. Kusema ukweli juu yake, kwamba alikosea hapa, kwamba alidanganywa na hewa nyembamba pale, kwamba mtu mwingine alikufa pamoja naye, hakumpunguzii chochote alichokuwa nacho. Humwondolea tu upinde mkononi.

Yapo mambo mawili yanayoweza kupingwa katika hoja hii. La kwanza ni kwamba marehemu hawezi kujitetea, na hivyo ukweli wa rafiki unaweza kugeuka usaliti. Hatari hiyo ipo, na ndiyo maana kazi hii si ya kila mtu. Anayeutoa ukweli ili ajitakase mwenyewe, aonekane kuwa alionya na hakusikilizwa, amerejea katika lawama kwa mlango wa nyuma. Kigezo ni kimoja: je, msemaji yu tayari kubeba sehemu ya deni analolitaja? La pili ni kwamba madeni mengine hayalipiki. Uhai wa kiongozi aliyetoweka haurudishwi kwa kutajwa jina lake. Pingamizi hili halina jibu, na pengine halistahili kupewa. Deni lisilolipika halifutiki kwa sababu hiyo. Hubaki likikiriwa.

Hitimisho

Familia ya Kirui iliamua kwamba mwili wake usishushwe, kwa kuwa kuufuata mahali palipoinuka namna ile kungeyaweka hatarini maisha ya watu wengine. Katika jamii ambamo kumzika mtu wake katika ardhi ya nyumbani ni haki ya marehemu na faraja ya walio hai, uamuzi huo si mwepesi. Familia ilijinyima kaburi ili mtu mwingine asife.

Uamuzi huo ulikiri kilichotokea bila ya kukipamba wala kukikaripia, ukawahesabu wachukuzi ambao wangetumwa, na ukaibeba gharama badala ya kumtwika mwingine. Wanaotunga mbolezi na taabini kwa ajili ya wapendwa waliokufa katika hatari walizozichagua wana hapo kipimo cha tungo zao. Maswali ya kujiuliza ni machache: je, utungo huu umemtaja yule mwingine? Je, kijana akiusikia atajua kwamba lengo lilikuwa kurudi? Na je, aliyeutunga amebakiwa na deni lolote mkononi baada ya kuusoma, au ameyatua yote pale pale kaburini na kwenda zake?